Mbwa Mwitu Wamedai Mto Ruvuma, Simba Kaja Usiku: Eneo ni la Nani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Masasi:

"Shikamoo mjomba. Mimi na wenzangu wanne tunaigiza kundi la mbwa mwitu kwenye mchezo wa wanyama wa mtandaoni, ule wa kuandika. Ramani yake ni ya huku kwetu kusini, kuanzia Liwale hadi mpakani na Msumbiji. Kila kundi linadai miraba yake na admini anaipaka rangi. Jumatatu iliyopita niliandika kwamba tumechukua miraba yote tisa ya Mto Ruvuma, toka Lukwika mpaka Daraja la Umoja. Jumanne bando likaniishia, na wenzangu walikuwa kwenye mitihani. Tuliporudi Alhamisi tukakuta mchezaji wa simba ameandika kwamba ametuvamia usiku, ameua watoto wetu wawili, tumekimbia, na eneo ni lake. Admini ameshapaka njano. Je, eneo si letu tena? Na dai liandikweje ili lisipingwe? Maandishi yetu nimekuambatishia."

Marahaba, mpwa wangu. Umeniita mjomba, na huku kusini ugomvi wa shamba tangu zamani hupelekwa kwa mjomba, kwa hiyo mlango uliougonga ndio wenyewe. Nimekula miaka mingi porini upande wa Liwale nikiwa askari wa wanyamapori. Nilipostaafu, binti wa dada yangu akaniingiza kwenye michezo hii niwe msuluhishi wa mipaka, kazi isiyo na posho wala sare.

Jibu la haraka ni hili: miraba ile haijawahi kuwa yenu, na ya simba haijawa pia. Admini aifute ile njano leo hii. Hilo la dai lisilopingika sitakufundisha, kwa sababu wachezaji wakishindwa kupinga hawana cha kuandika, na wasipoandika mtabaki mbwa watano mnazunguka kwenye grupu lililolala. Nitakufundisha dai linalopingika vizuri.

Tuanze na ramani, maana hapo ndipo mlipotegwa nyote. Sheria yenu ni mraba mmoja rangi moja: ukiwa wa mbwa, hauwi wa simba. Aliyeitunga alikuwa anafikiria viwanja vya mjini, vyenye namba na mawe ya mipaka. Porini simba analinda eneo lake dhidi ya simba wengine. Mbwa mwitu analinda lake dhidi ya mbwa mwitu wengine. Fisi ugomvi wake ni na ukoo wa jirani wa fisi. Simba jike akikojoa kichakani hawaandikii nyinyi barua, anawaandikia majike wa bonde la pili. Nyinyi mkipita hapo mtainusa, mtajua yupo, mtaongeza mwendo, basi.

Nakumbuka Agosti moja, kwenye korongo la mchanga lililokauka, tuko watatu kwa miguu. Mchanga wa alfajiri kabla haujapigwa na upepo unasomeka kama gazeti. Simba jike amepita katikati, mguu mpana, kucha hazionekani. Juu ya nyayo zake fisi amekanyaga, kucha zimechomoza, mguu wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma. Kwenye ukingo mbwa mwitu sita au saba wamevuka wakielekea kilimani. Wote hao ndani ya usiku mmoja, na ungewasimamisha uwaulize, kila mmoja angekwambia yuko kwake, na asingekuwa anadanganya.

Kwa hiyo ombi la kwanza mpelekee admini: ramani iwe na tabaka, kila aina ya mnyama na tabaka lake. Simba na simba wagombanie njano yao huko juu. Nyinyi mgombane na kundi jingine la mbwa kama lipo. Simba akikukuta kwenye mraba, hilo ni tukio, linaandikwa, linaweza kuwa na damu, lakini halimbadilishii mtu rangi. Kazi ya kuchora ni ya jioni moja, na mtashangaa kesi ngapi zitajifia zenyewe.

Usidhani nawatetea, lakini. Simba hamtaki mbwa mwitu hata kidogo. Huua wakubwa kwa wadogo, na mara nyingi mzoga hata hauli, anauacha pale pale. Scott na Nancy Creel, waliowafuatilia mbwa mwitu wa Selous miaka ya 1990, ni miongoni mwa watafiti walioonyesha kwamba penye simba na fisi wengi, mbwa mwitu huwa wachache. Mnyama mnayemwigiza ni mwindaji hodari kupindukia ambaye maisha yake yote anakwepa wakubwa. Anakula haraka kwa sababu anajua mgeni yuko njiani.

Sasa nyinyi mkaenda kudai mto. Kwenye karatasi Ruvuma ni mpaka wa nchi mbili, mstari mzuri wa bluu unaopendeza kuudai. Kwa mnyama wa Septemba ni kisima cha kijiji. Maji yanakuwa yamesinyaa, mchanga umejitokeza katikati, wanyama wanashuka kunywa kutoka upande wetu na kutoka ng'ambo kwenye Hifadhi ya Niassa, na wengine wanavuka bila pasi. Simba naye analijua hilo kuliko sisi, amelala kwenye matete anasubiri. Kudai ukingo wa mto wakati wa kiangazi ni kuingia jikoni kwa mtu na kukalia kigoda chake. Ningekuwa mimi ndiye mbwa mkuu, ningewapeleka juu kwenye miombo, kwenye miinuko ambako swala ni wachache na simba pia ni wachache, nikabakiza njia moja tu ya kuteremkia maji saa za jua kali. Inaonekana ni uoga, ila ndivyo mbwa mwitu wa kweli wanavyofanya: huacha sehemu zilizonona kwa kumkwepa aliyezikalia.

Kuhusu ukubwa, kama kuna aliyewacheka kwamba mbwa watano wanataka miraba tisa, mwambie ndiye asiyejua. Kundi moja la mbwa mwitu hutembelea mamia ya kilomita za mraba. Wao si wa kukaa mahali pamoja, isipokuwa wakati mmoja tu wa mwaka, nao nitaufikia kwa sababu unahusu wale watoto wenu.

Kuna jambo jingine nimeliona kwenye maandishi uliyoambatisha. Umeandika: "Tukapanda juu ya mwamba, tukaulilia mwezi." Mwamba sawa, uko Masasi, miamba ya kupanda haikosekani. Lakini huo mwezi? Kiswahili kimetuponza hapa, maana jina mbwa mwitu tunawapa wanyama wawili. Yupo yule wa nchi za theluji, mwenye manyoya mengi, anayepiga mbiu usiku. Huyo ndiye mliyemwona kwenye sinema. Na yupo wa kwetu, masikio ya duara kama visahani, ngozi imemwagiwa rangi nyeusi, nyeupe na ya kahawia, hakuna wawili wenye madoa sawa, vidole vinne kila mguu. Wa kwetu hapigi mbiu. Akipotezana na wenzake huita kwa sauti laini, "huu, huu", unaweza kudhani ni bundi wa mbali. Wakikutana asubuhi wanalia kama vifaranga.

Na wanapiga chafya. Wengi hudhani natania. Watafiti waliokaa na mbwa mwitu huko Botswana walichapisha mwaka 2017 kwamba kabla ya kundi kuondoka mapumzikoni kwenda kuwinda, wanachama hupiga chafya, na chafya zikiwa nyingi safari inakuwepo. Aliyeanzisha akiwa mkubwa wa kundi, chafya tatu hivi zinatosha. Akiwa mnyonge, zinahitajika kama kumi. Hebu mlitumie hilo! Badala ya wewe kuandika peke yako kwamba "tumeamua kuchukua mto", mbwa mdogo wa kundi aanze, apige chafya, anyamaziwe, apige tena. Mwenzako aliyekuwa kwenye mtihani akirudi atakuta kuna kikao kinamsubiri na chafya yake ina uzito.

Tuje kwenye alama zenyewe, ndiyo roho ya swali lako.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa natembea nyuma ya mzee mmoja, fundi wa nyayo, ambaye alikuwa haongei mpaka saa nne. Siku hiyo akasimama ghafla, akanionyesha kwa kidevu unyasi mmoja mrefu. Mimi nikaona unyasi. Akaniinamisha. Kimo cha goti, bua lilikuwa limepakwa kitu cheupe kama gundi, kinang'aa, na tone dogo limeganda chini yake. Akalivunja bua, akalileta puani kwangu bila kuniuliza. Harufu ya majani yaliyorundikwa yakachacha, na nyuma yake kitu kama sabuni ya bei rahisi. "Fisi," akasema. "Hii ni hati yake." Hatua chache mbele tukakuta choo chao cha pamoja, kinyesi kimetapakaa, kilichokauka cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa wanayotafuna. Ute ule hutoka kwenye tezi za chini ya mkia. Fisi anapita juu ya unyasi na kuupaka. Na vyoo vyao huviweka sana kwenye mipaka, mahali ambapo jirani hatakosa kuvikuta. Tulikuwa tumesimama katikati ya uzio, na mimi sikuwa nimeona hata mti mmoja wa uzio huo.

Simba hukojoa kwa kurusha nyuma kwenye vichaka, hukwaruza ardhi kwa miguu ya nyuma, lakini silaha yake ya mpaka ni sauti. Usiku mtulivu ngurumo husikika hata kilomita nane. Kule Serengeti, Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walifanya jaribio walilolichapisha mwaka 1994: walificha spika, wakapiga ngurumo zilizorekodiwa za majike wageni, mara sauti ya mmoja, mara sauti za watatu kwa pamoja. Majike wenyeji walikuwa wepesi kuifuata sauti pale walipowazidi wageni kwa idadi, na wakasita walipokuwa wachache. Maana yake wanahesabu. Wanasikiliza gizani, wanapiga hesabu ya walio huku na walio kule, ndipo wanaamua kama miguu iende. Mchezaji wenu wa simba alikuwa na nafasi ya kuandika usiku mzima wa namna hiyo, akaitupa kwa kukimbilia watoto.

Hapo nikumbushe methali inayopendwa sana na madume wa mchezoni, kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa ng'ombe sina ubishi. Kwa simba inapotosha: madume huungana wawili, watatu, wakati mwingine zaidi, na ndio wanaodumu na eneo. Dume la peke yake hufukuzwa mapema. Nimeona wachezaji wakimkataa mwenzao aliyetaka kuungana nao, kisa methali.

Chui hukwaruza miti na kukoroma kama msumeno. Kiboko dume ana kipande chake cha mto na ukingo, huvurumisha kinyesi kwa mkia, lakini akipanda nchi kavu kula majani usiku hana cha kulinda. Mkitaka mchezaji mkorofi wa kukaa naye mtoni, huyo ndiye.

Nyinyi mbwa mwitu: wanaoweka alama hasa ni jike mkuu na dume mkuu. Jike anakojoa, dume anamfuata na kukojoa palepale juu yake, harufu mbili zinakuwa moja. Mlivyoandika kwamba wote watano "walitia alama kila mti wa mtoni" mmeniongezea siku za kuishi kwa kicheko.

Sasa tazama dai lako la Jumatatu: "Sisi Watawala wa Ruvuma tumechukua mto wote kuanzia Lukwika hadi darajani. Kuanzia leo atakayekanyaga hapa atakufa." Hamna mahali pa kusimama humo, ni jina la mkoa mzima wa maji. Hamna mwili wa mnyama, angeweza kuwa ni mwenyekiti wa kijiji anaongea. Na mlango umefungwa: anayesoma amebakiwa na kuondoka au kupigana, basi akachagua kupigana. Ningekuwa mimi ningeandika hivi:

"Jua bado. Jike mkuu anasimama kwenye njia ya nyati, chini ya mninga uliovunjwa tawi na tembo. Ananusa kichuguu. Kuna harufu ya zamani, ya mbwa asiyemjua, imeshakauka. Anainua mguu. Dume anamsogelea, analenga palepale. Wale watatu wamekaa mbali kidogo, masikio mbele, macho upande wa mto ambako usiku kucha palikuwa na ngurumo. Mraba wa 14, kichuguu cha kwanza. Anayepita leo ataikuta mbichi."

Mraba mmoja tu. Kesho mwingine. Huyo mbwa asiyejulikana mwenye harufu iliyokauka ni chambo: kuna mchezaji atajitokeza aseme ni wake, na hapo ndipo mna kesi tamu. Ngurumo za mtoni zimemkaribisha simba bila kumpangia la kufanya. Mkitia alama kwenye vichuguu vitatu vya mraba kwa siku tofauti, na zikapita saa 72 bila mtu kujibu, admini apake rangi. Saa 72 nimezitaja makusudi. Mtu wa Liwale au Newala bando linaweza kumwishia leo akaja kujiunga keshokutwa, na hilo lisimpotezee nchi.

Kwa simba sasa. Andiko lake lina vitu viwili: alichofanya yeye na kilichowapata nyinyi. Kuvamia usiku ni haki yake. Kufa kwa watoto na kukimbia kwenu si kalamu yake. Mchezaji anaandika jaribio, matokeo yanaandikwa na anayejaribiwa au na dadu. "Nimeruka kuelekea shingoni" inaruhusiwa. "Nimemvunja shingo" ni kumwingia mwenzio chumbani na kumvalia nguo zake. Tena kuna la pili ambalo naliona baya zaidi. Kwenye grupu la maongezi uliandika unaishiwa bando mpaka Alhamisi, akalisoma, akavamia Jumanne. Simba wa Ruvuma hana simu. Alichojua mchezaji hakikuwa kwenye masikio ya mnyama wake, kwa hiyo uvamizi ule wote ufutwe, aandike upya.

Mkifika kwenye mapigano ya kweli, tumieni dadu mbili kila upande. Anayezidi idadi aongeze moja kwa kila mnyama aliyezidi, isipite tatu. Halafu mwongezeni moja mwenye mzee kundini. Hili nimeliiba kwa wale mbwa mwitu wa theluji: kule Yellowstone, Marekani, walikorudishwa kuanzia mwaka 1995, waliofuatilia mapigano kati ya makundi walikuta kwamba kundi lenye wazee wazoefu lina nafasi nzuri zaidi ya kushinda, hata likiwa limezidiwa idadi. Ninawapenda kwa hilo, sikatai.

Msinione mwamuzi asiyekosea. Kesi yangu ya pili kabisa ilikuwa ya chui mmoja dhidi ya fisi kumi na wawili, wakigombania mzoga wa kongoni, na mimi nikampa chui kwa sababu kijana yule alikuwa anaandika vizuri mno. Alikuwa na sentensi moja ya umande kwenye sharubu sitaisahau. Chui mmoja hawezi kusimama mbele ya fisi kumi na wawili, anapanda mti na mzoga wake kama amewahi. Fisi wakajitoa kwenye mchezo mmoja mmoja, wakabaki wawili. Tangu hapo naamua kwanza kwa idadi na mahali, uandishi nausifia baadaye.

Harufu hufa, na hili sheria yenu haina kabisa. Mlidai mara moja mkadhani ni ya milele. Kwenye uwanda wa Makonde mtu akipanda mikorosho amesema neno refu bila kufungua mdomo, mti utasimama hapo hata yeye akienda Dar es Salaam miaka kumi. Aliyefyeka tu na kuondoka akirudi anakuta jirani ameshaatika mihogo, na mashahidi wote ni wa jirani. Mnyama hana mkorosho. Yeye kila siku anafyeka upya. Wekeni sheria kwamba alama isiyorudiwa kwa siku 14 imekufa, na mvua za kwanza za mwisho wa mwaka zikianza kwenye mchezo, alama zote za harufu zifutike kwa usiku mmoja, ramani nzima ibaki nyeupe. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kwa hiyo itatokea mara moja kwa mwaka wa mchezo. Nakuhakikishia wiki hiyo hakuna atakayelala.

Kuna mraba mmoja nimeuona kwenye ramani yenu, kaskazini ya Lindi, umeandikwa "vijiji: mawindo rahisi". Uondoeni. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini, na Rufiji na Lindi ni kati ya sehemu zilizoumia sana. Miongoni mwao walikuwamo watu wa kulinda mashamba usiku, wamelala kwenye madungu kwa sababu nguruwe pori wanamaliza mazao, na simba wanawafuata nguruwe hao. Simba hakuwa amedai kijiji. Baadhi ya wachezaji wenu wana jamaa waliozikwa kwa habari hiyo, nami nimewahi kushika tochi kwenye kazi ya asubuhi yake. Kuna mambo hayachezwi.

Tumalizie na watoto wawili. Mbwa mwitu huzaa kiangazi, katikati ya mwaka, mara nyingi kwenye shimo la zamani la muhanga au ngiri, na kwa miezi kama mitatu kundi zima linafungwa hapo: wanaowinda wanarudi na nyama tumboni, wanawatapikia watoto na aliyebaki kulinda. Huo ndio wakati pekee mbwa mwitu ana anwani. Kwenye mchezo wenu sasa ni Julai, kwa hiyo simba kuwajua mlipo inawezekana, lakini aandike alivyojua: amesikia vilio, amefuata njia, amekuta harufu. Nanyi msijibu kwa kupigana. Mbwa mwitu akishtukia simba karibu na shimo huhamisha watoto, anambeba mmoja mmoja mdomoni. Andikeni uhamisho huo, wa usiku, kutoka matete ya mto kupanda miombo, mtoto wa nane, wa mwisho, bado yuko shimoni na simba anakaribia. Hapo warusheni dadu wote wawili kwa ajili ya huyo wa nane. Watoto wale wawili waliouawa Jumanne wako hai hadi dadu liseme vingine.

Na admini akishachora ramani mpya yenye tabaka, anitumie. Hii ya sasa rangi ya fisi na ya chui amezifanya kahawia zote mbili, na macho yangu ni ya mstaafu.